Mashine Inayouliza Kama Una Uhakika

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie vijana wanaoajiriwa sasa mfumo endeshi wa kompyuta unafanya nini hasa. Nadhani mmeniomba ili nisikae bure. Nimestaafu juzi tu, na tayari kuku wangu hapa Mabwerebwere wananikwepa, kwa sababu banda lao nimelibomoa na kulijenga upya mara nyingi kuliko walivyotaga. Basi nitaandika. Ila msitegemee kitabu cha maelekezo. Vitabu hivyo vimo kabatini mwenu, na nina hakika bado havijatolewa kwenye nailoni.

Mimi sikuanza na kompyuta, nilianza na taipureta. Jina la chuo chetu nitaliacha, maana waliokuwamo wanalijua na wengine halitawasaidia. Makao makuu yalikuwa Kilosa mjini, tukifundisha uashi, ushonaji na umeme, na tawi lilikuwa Mikumi, wakifundisha mapishi na huduma za hoteli kwa sababu ya watalii wa mbugani. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa bisibisi, kopo la mafuta ya cherehani, na chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Majembe hayakuhamishwa. Nimefanya kazi nayo hadi nilipoaga, na yale yenye mpini mfupi naweza kuyatambua gizani.

Kompyuta ya kwanza ilipokuja, tuliipokea kama tunavyompokea kiongozi. Iliwekwa ofisini kwa Mkuu wa chuo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na amri ikatoka kwamba kila anayeingia mle avue viatu. Kwa muda mrefu hakuna aliyeiwasha. Tuliipangusa vumbi tu, kwa zamu. Nataka iingie kwenye kumbukumbu kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho kompyuta ya chuo haikuwahi kuharibika.

Aliyeiwasha alikuwa Mzee Kobelo, mwalimu wa umeme. Baba yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa ishara stesheni kabla ya kuja kufundisha. Hakuwa mpole. Ukimuuliza swali la kijinga alianza kutafuta miwani yake, na miwani ilikuwa usoni. Mimi ndiye niliyetumwa nimsaidie, kwa hoja kwamba taipureta nayo ina vitufe. Kwenye boksi la mashine nilisoma neno nisilolijua, nikamuuliza hicho kinachoitwa mfumo endeshi ni kitu gani. Akatafuta miwani.

"Wewe umekulia hapa Kilosa," alisema. "Reli ziko ngapi?"

"Moja, Mzee."

"Na treni?"

"Nyingi."

"Mbona hazigongani?"

"Si kuna mkuu wa stesheni."

"Basi. Humo ndani nako yumo. Nishikie hii waya."

Hayo ndiyo masomo yangu ya chuo kikuu. Mengine nimeyapata kwa kuharibu na kutengeneza, lakini sijapata kusikia maelezo yaliyoyapita hayo. Mashine ina ubongo wake, na programu zote zinautaka kwa wakati mmoja: inayoandika barua, inayopiga muziki, inayotafuta virusi. Mfumo endeshi unazipa zamu, upesi kiasi kwamba kila moja inadhani iko peke yake. Kila programu unaipimia sehemu yake kwenye kumbukumbu, na unaizuia isikanyage ya jirani. Programu ikitaka kuandika kwenye diski au kuchapa karatasi haiendi yenyewe, inaomba, na mfumo ndio unaokwenda. Mfumo ndio unaokumbuka faili gani limelala wapi. Na mwisho, jambo ambalo ndilo limenifanya niandike, unajua nani ni nani na ameruhusiwa kugusa nini.

Ile picha ya maua mnayoiona mkiwasha siyo mfumo endeshi. Nimelisema hili miaka yote, kwa sauti na kwa maandishi. Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alinishukuru kwa kuwawekea watumishi picha nzuri.

Baadaye kompyuta ziliongezeka, na nikawa naitwa Mikumi mara kwa mara. Kule mashine zilikuwa nzito, wakasema zimechoka. Nilipofika nikakuta madirisha yote yamefungwa ili nyani wasiingie kuiba mikate ya darasa la mapishi, chumba kinafukuta, na vumbi limejaa kwenye feni za mashine. Mwalimu mmoja alikuwa amefungua kila kitu alichowahi kukifungua tangu muhula uanze, kwa sababu alisikia kufunga kunapoteza. Nilimweleza kwamba kumbukumbu ya mashine ina mwisho, na mfumo unabaki kuhamisha mizigo tu, huku na huko, hakuna safari inayoondoka. Akaniambia ameelewa. Nilipogeuka akafungua nyingine.

Mikumi huko huko kulikuwa na ratiba ya masomo iliyogoma kutoka kwenye printa. Kila mwalimu alipita, akabonyeza chapa, akaona kimya, akaondoka akiamini mwenzake atakuwa na bahati. Mfumo, kwa adabu zake, ulikuwa ukipokea kila ombi na kulipanga kwenye foleni bila kumkatalia mtu. Kilichokosekana ni karatasi. Nilipoweka karatasi, ratiba zilianza kutoka na hazikukoma hadi karatasi zikaisha, na darasa la mapishi lilifungia maandazi kwa karatasi za ratiba kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Chuoni kwetu salamu haikuwa mchezo. Mdogo anaanza na shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba, na kuanzia hapo kila mmoja anajua nani atamwambia nani afanye nini. Mimi sina ugomvi na hilo, nimelelewa hivyo na wanangu nimewalea hivyo. Tatizo ni kwamba mfumo endeshi nao una wakubwa na wadogo, lakini hauangalii umri. Una akaunti za watumiaji wa kawaida, zenye mipaka, na una akaunti ya msimamizi, ambayo haikataliwi kitu. Nilipounganisha kompyuta zetu kwa waya, hiyo ya msimamizi nikabaki nayo mimi.

Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema. Alikipigania chuo kisifungwe wakati wengine walishaanza kugawana viti, na misiba yetu yote alikuja. Lakini aliposikia kwamba ndani ya mashine kuna akaunti kubwa kuliko ya kwake, na kwamba mwenyewe ni Rajabu, ambaye kila asubuhi anamwamkia yeye, aliniita.

"Rajabu, hii imekaaje?"

"Ni mambo ya kitaalamu tu, Mkuu."

"Sawa. Hayo ya kitaalamu yahamishie kwangu."

Nikayahamishia. Mashine mama, ile inayotunza mafaili ya chuo kizima, ilikuwa tayari ofisini kwake, maana mashine kubwa isingeweza kukaa kwa mtu mdogo. Lakini Mkuu hakupenda kusumbuliwa. Makamu wake alipokwama alimpa neno la siri, makamu akampa mhasibu, mhasibu akawapa wakuu wa idara, na mimi niliendelea kulitumia kwa kazi zangu. Liliteremka kufuata umri na cheo, kama nyama ya shughuli inavyogawiwa. Lilipofika chini kabisa likawa limekwisha mwendo. Mtu pekee katika jengo lile ambaye hakuna aliyemwona anastahili kulijua alikuwa Zuhura, karani wa taaluma.

Zuhura alitokea Magomeni, hapo hapo mjini, akimtunza mama yake na wadogo zake. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Kazi yake ilikuwa kuingiza alama za wanafunzi kupitia programu ya chuo. Programu ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda la matokeo, yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa hata ya kuligusa. Hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mimi na mfumo endeshi, na hakuna aliyekuwa na tabia ya kutuuliza.

Jumatatu ya wiki ya mahafali nilimkuta amesimama kwenye korido, mkoba begani, kama mtu anayesubiri gari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Vipi tena?"

"Matokeo hayapo. Folda lote. Mkuu anasema nimefuta mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nayo Ijumaa. Ananiandikia barua ya kuniachisha."

"Anaiandika kwa mkono?"

"Hapana, kwa kompyuta."

Hapo ndipo nilipoogopa, na niwaeleze kwa nini. Mfumo ukiambiwa ufute faili, hauendi kulichoma moto. Unafuta tu jina lake na kuandika kwamba pale lilipokuwa pako wazi. Ni kama chumba cha kupanga: mpangaji kafutwa mlangoni, lakini kitanda chake na masufuria bado yamo, hadi aingie mpangaji mpya ayatupe nje. Matokeo yalikuwa bado kwenye diski ya mashine mama. Na Mkuu alikuwa ameketi mbele yake akiingiza wapangaji wapya, aya baada ya aya, kwa herufi kubwa.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ya muhula uliopita. Diski ya nje niliyoiweka kwa kazi hiyo ilikuwa imeazimwa na Mkuu kubebea filamu ya harusi ya binti yake kutoka kwa mpiga video wa Dumila. Kusahihisha upya nako kusingewezekana. Wanafunzi wa Kilosa walikuwa wamesharudishiwa karatasi zao, na mtihani wa Mikumi ulikuwa wa kupika. Chakula kilishaliwa, na wasahihishaji wakiwa mstari wa mbele.

Nikaingia ofisini, viatu mkononi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Rajabu. Ngoja nje, namalizia barua."

"Mkuu, naomba usiandike kwanza kwenye hiyo mashine."

Hakukasirika. Alishangaa tu.

"Nisiandike?"

"Unachoandika kinaweza kukaa juu ya matokeo yakapotea."

"Matokeo hayapo, Rajabu. Ndiyo maana naandika barua."

Nilisimama pale nikiitafuta sentensi ambayo mtu anayesema shikamoo anaweza kumwambia anayeitikia marahaba ili anyanyuke kwenye kiti chake. Kwa Kiswahili changu sikuipata. Nikaomba radhi, nikatoka, nikazunguka nyuma ya jengo kwenye mita, nikashusha swichi kuu.

Kutoka kila chumba ilisikika sauti ile ile: "Wamekata." Hakuna aliyeuliza nani amekata. Kwetu umeme unakatwa na "wao", na "wao" hawana ofisi ya kupeleka malalamiko. Mkuu akatoka, akavaa viatu na kofia yake, akasema, "Hawa watu," akaenda nyumbani kunywa chai. Sijawahi kuona mamlaka inayotiiwa namna ile, na nimefanya kazi chini ya wakuu wengi.

Niliitoa diski kwenye mashine nikaenda nayo kwangu, Zuhura nyuma yangu. Nikaiunga kwenye mashine yangu ya nyumbani ili isomwe tu, isiandikwe kitu, nikaanzisha programu ya kuokoa mafaili. Kazi hiyo haina ushujaa wowote. Unatazama mstari ukisogea. Mke wangu alimpa Zuhura chai ikapoa, akampa nyingine nayo ikapoa. Mara moja Zuhura aliuliza, "Fundi, na kama hayamo?" Nikamwambia yamo. Sikuwa na hakika, nami nilikuwa nimefadhaika sana, maana nilimjua mama yake na nilijua nyumba ile inakula kwa kazi ile.

Mafaili yalianza kuibuka jioni, bila majina, moja baada ya jingine. Uashi. Ushonaji. Kisha mapishi, na alama za wali na mchuzi za darasa zima. Zuhura akafunika uso kwa mtandio akalia. Sikujua la kufanya, nikaendelea kuitazama skrini. Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kimeijaza diski ile pomoni. Ilikuwa filamu ya harusi, kuanzia kupamba ukumbi hadi kuosha vyombo.

Kesho yake diski ilikuwa imerudi mahali pake, "wao" walikuwa wamerudisha umeme, na Mkuu akaitisha kikao ofisini kwake: yeye, makamu, wakuu wa idara, mimi na Zuhura. Barua ilikuwa haijaisha, na Mkuu alitaka ushahidi kwanza, jambo ambalo nalisema kwa heshima yake. Niliomba Zuhura aruhusiwe kujaribu kufuta folda tupu nililoliweka pale pale palipokuwa na matokeo. Akaingia kwa jina lake. Mashine ikamkatalia.

"Arudie," makamu alisema. "Labda amebofya kwa woga."

Akarudia. Ikamkatalia tena, kwa maneno yale yale.

"Sasa nani anaweza kufuta?" Mkuu aliuliza.

Wakuu wa idara wakaanza kuangalia kucha zao. Makamu akagundua jambo dirishani.

"Mashine inalijua jina moja tu, Mkuu," nilisema. "La kwako. Na kwa jina hilo tumo wote humu ndani, isipokuwa Zuhura."

Niliona nisiwaache pale, nikawapa habari njema: matokeo yamepatikana yote, mahafali yaendelee. Nikaongeza kwamba diski ilikuwa imejaa kwa sababu ya filamu kubwa, na bila shaka kuna mtu alikuwa akitafuta nafasi.

"Harusi lakini ipo salama?" Mkuu aliuliza, upesi.

Kikao kizima kikatazama pangaboi la darini. Mkuu naye alilitazama, na nadhani yeye ndiye aliyelitazama muda mrefu kuliko sote.

"Iliniuliza kama nina uhakika," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi siulizwi hivyo hapa chuoni. Nikabofya ndiyo."

Kisha akamgeukia makamu, aliyekuwa akiandika muhtasari, akasema aandike kwamba kikao kimeridhika kuwa mashine ni chakavu. Ilikuwa bado inanuka boksi. Makamu akaandika. Mkuu akamtazama Zuhura.

"Binti, kesho uwahi."

"Ndiyo, Mkuu. Asante."

Ukimjua Mkuu, hiyo ilikuwa kupiga magoti. Na watu walipotoka alinibakiza.

"Rajabu, nitengenezee akaunti ndogo. Hii kubwa ina maswali."

Tangu siku hiyo neno la siri likawa moja, la mtu mmoja, na nilianza kumfundisha Zuhura kazi. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho: alishawahi kukataliwa na mashine akashukuru. Nilimfundisha kwamba kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake na isizidi, hata kama ni mtu unayemheshimu. Nilimfundisha kunakili kabla ya kugusa. Na nilimsisitizia sana kwamba mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, bila kujali ni nani na ametumikia kwa muda gani, kwa sababu akaunti isiyo na mwenyewe ni mlango ulioachwa wazi. Alikuwa akiandika huku anaitikia kwa kichwa.

Sherehe yangu ya kuagwa mliiona. Nilipewa blanketi, saa ya ukutani na jembe, ambalo ninyi mlilicheka sana na mimi nilicheka pia. Siku chache baadaye nikapita chuoni. Nilisema nimekuja kuangalia kama printa ya Mikumi imepelekewa wino, lakini ukweli ni kwamba miguu ilinipeleka yenyewe. Nikaketi kwenye ile mashine ya pale stoo, nikaandika jina langu na neno langu la siri kama nilivyoandika kila asubuhi. Mashine ikanikatalia. Nikaandika tena, polepole, labda nimebofya kwa woga.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenifungia?"

"Ndiyo, Fundi. Siku ile ile ya sherehe, kabla hatujafunga ofisi."

Iliniuma, sitawaficha. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa nyuma ya jina lile, na sasa mfumo niliousimika kwa mikono yangu haunijui. Nilitaka kuwa mkali, nikakosa pa kuanzia, maana kila neno la kumlaumu nilikuwa nimeshamfundisha jibu lake.

"Haikukuuliza kama una uhakika?" nilimwambia.

"Iliniuliza."

"Ukafanyaje?"

Akavuta kiti cha wageni, akakipangusa, akanisogezea.

"Nilikaa nayo muda mrefu, Fundi," alisema. "Ndipo nikabofya ndiyo."